Kikao cha afya ya wanawake chuoni

Jana nilihudhuria kikao cha afya ya wanawake kilichoandaliwa na wanafunzi wa chuo kimoja hapa Malindi, na ingawa ratiba ilitaja pia masuala ya jinsia na mahusiano, mada iliyoushika ukumbi ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi alieleza kwamba chanzo chake, karibu kila mara, ni virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa ngono, na kwamba seli huchukua miaka mingi kubadilika hadi kuwa saratani, ndiyo maana uchunguzi wa mapema huokoa maisha. Kisha akainua kichupa cha siki iliyozimuliwa na kijiti kilichozungushiwa pamba: mlango wa kizazi hupakwa siki hiyo, na baada ya dakika moja hivi sehemu zenye kasoro hugeuka nyeupe. Wasichana waliokuwa wakichekacheka nyuma walinyamaza.

Mama mmoja wa makamo aliuliza kama mjane wa miaka mingi ana haja ya kupimwa, akajibiwa kuwa anayo, kwa kuwa virusi hivyo huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Kwa maoni yangu, swali hilo lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za wageni waalikwa (ambazo, kusema kweli, zilikuwa ndefu mno).

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa mpango wa taifa nchini Kenya mwaka 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Wavulana waliohudhuria walikuwa wachache. Kikao kijacho afadhali waalikwe mapema, maana wanaume nao hubeba na kuambukiza virusi hivyo.