Bekihendi Niliyofundishwa Upanga

Kila aliyecheza nami pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira juu ya wavu kwa vibao, pale Upanga, Dar es Salaam, alijua mpira aupeleke wapi: kushoto kwangu. Ukija upande ule nilikuwa nauzunguka ili niupige kwa fohendi, yaani kwa upande wa kiganja, na nikishauzunguka nusu ya uwanja imebaki wazi. Nisipouzunguka, naurudisha kwa bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, ya kujihami tu, mpira unaelea, wanaumaliza. Kaka niliyekuwa napangwa naye alishazoea kuguna tu.

Uwanja wetu ni wa saruji, ulikuwa wa tenisi zamani. Tuliupimia upya kwa utepe, futi 20 kwa 44, vipimo vilevile vya badminton ya wawili wawili. Si ajabu, maana mchezo huu ulianzia mwaka 1965 kisiwani Bainbridge, Marekani, katika uwanja wa badminton wa nyumbani kwa Joel Pritchard.

Jumamosi moja tulitangulia kufika mimi na mzee mmoja wa mtaani, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mpira wa meza. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, na hapohapo akaniambia, "Leo fohendi huna."

Akanisimamisha nyuma kidogo ya mstari wa jikoni, yaani ule ukanda wa futi 7 mbele ya wavu ambamo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Akaanza kunirushia mipira kwa mkono, laini. Wa kwanza tu, nikavuta kibao nyuma hadi begani.

"Kijana, mpira uko mbele yako. Huko nyuma unafuata nini?"

Akanipanga upya. Kiwiko kikae mbele ya mbavu, vidole vilegee, ncha ya kibao ishuke chini ya mpira. Kisha kigasha kifunguke, kifundo kimalizie, kibao kiukwangue mpira kwenda juu na mbele. Mwendo mfupi, kama unamfukuza inzi kwenye sahani kwa mgongo wa mkono. Mkwaruzo huo ndio unaouzungusha mpira hata ukavuka wavu kisha ukazama. Mipira yangu mingi ilikwenda bapa, ikapotelea kwenye uzio. "Huku kibao hakina raba ya sponji ya kukusaidia kama kwenye mpira wa meza," akasema. "Mzunguko uutoe mwenyewe." Halafu kulikuwa na upepo wa kusi, na mpira wenyewe ni wa plastiki yenye matundu, kwa hiyo mingine ilihama njia ikiwa tayari usoni pangu.

Mkono ulitii mapema kuliko jicho. Katikati wavu una inchi 34, na mpira ulioshuka chini ya hapo mzee hakutaka niushambulie kabisa. Huo niurudishe polepole jikoni kwao. Akanilazimisha nitamke kila mpira kabla ya kuupiga: "huu" au "siyo huu". Mlinzi wa getini akasogea kututazama, nadhani kwa wasiwasi. Ajabu ni kwamba kutamka kulinituliza. Nikaacha kuurukia kila mpira, na nikaanza kuona mapema ule unaoning'inia. Miguu nayo ilikuwa na kesi yake: nikishapiga, mwili unanivuta hadi jikoni, na hilo ni kosa hata kama mpira umeshatua kwao.

"Sasa pa kupiga," mzee akasema, akajigusa chini ya kwapa la kulia. "Mtu wa mkono wa kulia ukimletea hapa, kibao hajui akipeleke wapi."

Wenzetu walipofika tukaingia mchezo wa pointi 11. Kama kawaida, mpira wa kwanza kushoto kwangu, umeinuka kidogo tu juu ya wavu. "Huu!" Nilisahau kwamba mazoezi yalikwisha, nikautamka kwa nguvu, nikaukwangua. Ukamkuta jamaa kwapani, kibao kikamponyoka. Muda si mrefu akala mwingine palepale. Baada ya hapo walibadili mpango, mipira yote ikahamia kwa kaka.

"Mzee," akalalamika akihema, "na mimi nifundishe basi, maana huyu umeniharibia maisha."