Malenga Anastahili Kuwa Katika Kitabu cha Kwanza

Wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, wanapojadili aina za wahusika zinazopaswa kuwamo katika kitabu cha msingi cha kanuni, malenga, mhusika anayewasaidia wenzake kwa nyimbo na uchawi, huwa wa kwanza kutiliwa shaka. Mpiganaji, kuhani na mchawi hakuna anayewahoji, kwa kuwa walikuwamo tangu mchezo ulipotoka mwaka 1974. Malenga alikuja mwaka 1976, tena kupitia kurasa za jarida. Mimi nashikilia kwamba mahali pake ni katika kitabu hicho hicho cha kwanza, mradi kanuni zimpe kazi yake mwenyewe.

Sharti hilo halikutimizwa kwa muda mrefu. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 aliwekwa kwenye kiambatisho, na aliyemtaka alilazimika kwanza kupanda ngazi akiwa mpiganaji, aiache njia hiyo apande tena akiwa mwizi, ndipo madruidi, yaani makuhani wa maumbile, wampokee na kumfunza umalenga wenyewe. Mhusika wa namna hiyo hawezi kuchaguliwa na mtu anayeketi mezani leo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 aliingizwa miongoni mwa aina 11 za msingi, lakini akapewa nusu nusu ya mali za wengine: upanga wake ulikuwa dhaifu kuliko wa mpiganaji, uchawi wake uliishia ngazi ya 6 ilhali wa mchawi ulifika ya 9, na wimbo wake ulianza kwa kuwaongezea wenzake alama 1 tu katika shambulio. Alama 1 ni rahisi kusahauliwa katikati ya vita. Toleo la nne lilipotoka mwaka 2008 aliachwa nje, akarudishwa mwaka uliofuata katika kitabu cha pili, na wanaompinga hulitaja jambo hilo kama hukumu. Kwangu mimi, kosa lilikuwa la kanuni.

Toleo la mwaka 2014 linaonyesha hivyo. Humo malenga humkabidhi mwenzake dadu ya ziada, ambayo mwanzoni ina nyuso 6 na baadaye hufikia 12, naye anaweza kuitunza kwa dakika 10 za mchezo mpaka atakapoihitaji. Chukua mpiganaji anayemkabili adui mwenye kinga ya 18, yaani shambulio lazima lifikie 18 ili limpate. Anarusha dadu ya nyuso 20, inaangukia 11. Anaongeza 5 zake za ustadi, anapata 16. Kabla msimamizi wa mchezo hajatamka matokeo, anaamua kutumia dadu ya malenga, inatoa 4, jumla inakuwa 20 na upanga unapenya. Kila aliye mezani ameona pigo hilo limetoka wapi. Mchawi hana cha kufanana nalo.

Wako wanaosema kwamba kuimba hakuna maana mbele ya panga. Sisi wa pwani tuna Fumo Liyongo wa kuwajibu. Akiwa kifungoni akisubiri kuuawa, alimwimbia mjakazi Saada ujumbe ambao walinzi hawakuuelewa, mamaye akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, na walinzi, waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri, wakaupuuza mkate ule. Kisha ikachezwa ngoma ya gungu, naye akakata minyororo huku kelele za waimbaji zikiifunika sauti ya tupa. Liyongo alikuwa shujaa wa mshale pia, lakini usiku ule aliokolewa na utunzi wake. Ningefurahi sana kumwona mchezaji akipanga utoro wa namna hiyo, na msimamizi akaukubali bila kumtaka amuue mlinzi hata mmoja.

Hofu ya mwisho ni ya wachezaji wasiojua kuimba, nayo haina msingi, kwani anayecheza mpiganaji hatakiwi kunyanyua upanga sebuleni. Inatosha mchezaji aeleze kwa sentensi moja malenga wake anaimba nini na anamwimbia nani, kisha arushe dadu.