Ardhi Bado Inayumba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Zaburi 107, kuanzia mstari wa 23, wale washukao baharini. Mimi nimeukwamia mstari wa 30, Mungu anapowaleta "mpaka bandari waliyoitamani". Nimeusoma tangu utotoni nikidhani habari inaishia hapo.

Shemeji yangu ana kiboti Msasani. Huwavusha watu kati ya ufukwe na mashua za matanga zinazotia nanga pale ghubani. Agosti, upepo wa kusi ukiwa umeshika, aliniita nimsaidie kubeba mizigo ya mzee mmoja na mkewe waliotoka Shelisheli, maili za baharini zinazokaribia 1,000. Walikuwa wawili tu kwenye chombo kisichofika urefu wa daladala mbili. Siku tisa, zamu za saa tatu tatu: mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake amelala na nguo mbichi.

Nilitegemea mzee atanisimulia mawimbi. Akanisimulia usiku wa mwisho. Pwani yetu ni ya chini, kwa hiyo kabla hawajaona nchi waliona mwanga wa Dar umetanda mawinguni. Mkondo wa huku hukimbilia kaskazini. Ukilenga Dar moja kwa moja utajikuta unaelekea Unguja, na wao walikuwa wamekaza usukani upande wa Mafia siku mbili nzima ili wasikosee. Sasa taa za mji zile pale. Lakini mlango wa bandari hauingiliwi gizani na mgeni, penye miamba na nyavu na ngalawa zisizo na taa. Wakatua tanga kubwa, wakakaa nje mpaka alfajiri, katikati ya meli zilizokuwa zikingoja zamu yao ya kuingia bandarini. Mkewe alikaa akitazama zile taa, analia. Tangu waondoke, mzee alisema, hapo ndipo alipomwona analia.

Asubuhi wakaingia na bendera yao ya njano, ile ambayo chombo kigeni hupandisha kuomba ruhusa. Mpaka watu wa afya, uhamiaji na forodha wamalize, baharia yuko bandarini na bado hajafika.

Mimi nilikutana nao baada ya hayo yote. Yule mama alishuka kwenye kiboti, akakanyaga mchanga, akanikamata mkono kwa nguvu. Ardhi inayumba, akasema. Mwili ukishazoea kuyumba na bahari hauachi mara moja. Hata kwenye nchi kavu unaendelea kujishikilia. Siku tisa alisimama juu ya mawimbi, na sasa mahali pasipotikisika hawezi kusimama.

Shemeji hakumuuliza kitu. "Pole na safari, mama." Akamkalisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akampa maji, kisha chungwa. Yule mama alilimenya taratibu, akalinusa muda mrefu kabla ya kuonja. Sisi tukakaa kimya. Kiswahili chetu kina hekima hapo: pole hutangulia, habari za safari huulizwa baadaye, mgeni akishakunywa maji.

Niliporudi nyumbani nilifungua Matendo ya Mitume 27 na 28. Paulo alipeperushwa na dhoruba siku kumi na nne, ndani ya meli yenye watu 276, ikavunjika kwenye kisiwa cha Melita, Malta ya leo. Wote wakafika pwani salama. Wenyeji wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema wema huo haukuwa wa kawaida. Miezi mitatu ikapita kisiwani, kisha meli nyingine, Sirakusa, Regio, Puteoli. Ni baada ya hayo yote, ndugu wa Rumi walipotoka mjini na kumfuata hadi Soko la Apio, mwendo wa kilomita kama 60, ndipo Luka anaandika kwamba Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, "akachangamka". Miezi mitatu na zaidi tangu akanyage nchi kavu! Mtume yule yule aliyewatia moyo wenzake katikati ya dhoruba, naye alihitaji nyuso za watu.

Hapo nikamkumbuka dada mmoja aliyejiunga nasi baada ya kumuuguza mumewe miaka mitatu na kumzika. Tulimshangilia, tukamwambia Bwana amekuvusha. Jumapili iliyofuata mimi mwenyewe nilimwandika kwenye kamati ya mapambo na kumpa kadi ya mchango. Alikuwa akishika kiti cha mbele yake wakati wa kusimama kuimba, na nikadhani ni uchovu. Baada ya miezi miwili hakuonekana tena. Jambo hili limenichoma sana, wapendwa, na nimeliungama mbele za Bwana.

Wiki iliyopita nilimtafuta. Anakaa Kigamboni. Nilivuka na pantoni jioni, nikiwa na machungwa kwenye mfuko, nikapiga hodi. Alifungua mlango nusu, akaniangalia kwa muda. Nikamwambia pole na safari, dada. Akaenda kuleta kiti cha pili, akakiweka barazani karibu na chake, na tukaketi pale tukimenya machungwa mpaka giza lilipoingia.