Wino wa Njano Juu ya Shaba

Bodi ya saketi niliyotaka kujitengenezea haikuzidi kiganja. Bodi kama hiyo huanza kama ubao uliofunikwa shaba: unachora njia za umeme juu yake, kisha dawa inakula shaba yote ambayo mchoro haukuikinga. Lakini katikati ya bodi yangu palipaswa kukaa chipu ya ATmega328P, kompyuta ndogo ndani ya kipande kimoja, ile bapa yenye miguu 32. Kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 0.8 tu. Hapo kuchora kwa kalamu ya maka hakufui dafu. Njia ya pasi nilikwisha kuijaribu pia, ile ya kuchapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, kisha kuugandisha kwenye shaba kwa joto. Mara mbili tona, ule wino wa unga wa printa ya leza, ilitanuka chini ya pasi, vituo vya miguu vikashikana. Mara ya tatu nilipobandua karatasi, iliondoka na nusu ya mchoro.

Ndipo nikaamua kuipitisha bodi yenyewe ndani ya printa ya wino.

Nilikuwa na printa kuukuu ya kichwa cha piezo, na hilo ni jambo la msingi. Printa nyingine huchemsha wino, kiputo cha mvuke kikasukuma tone. Ya piezo haichemshi kitu: fuwele ndogo hujipinda ikipata umeme, na kule kujipinda ndiko kunakolitoa tone. Kwa hiyo huvumilia wino wa aina nyingi zaidi. Niliifungua, nikainua reli ya kichwa kwa washa, vile vipete vya chuma vya kuwekea chini ya skrubu, ili bodi ya milimita 1.6 ipite chini yake, nikaibandika bodi juu ya kadi ngumu ili kihisi cha karatasi kiione kadi kwanza.

Wino wake wa kawaida uliyeyuka mara tu ulipoguswa na maji. Nikatoa wino wa maka, nikauzimua kwa spiriti, nikaujaza kwenye katriji kwa bomba la sindano. Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri mno, nikalala na furaha. Asubuhi mchoro wa kupima vitundu vya kutolea wino ulikuwa na mapengo kila mstari, kwa sababu spiriti ilikuwa imekauka ndani ya kichwa. Siku mbili nzima nilivuta maji ya uvuguvugu kwa sindano, tone kwa tone, hadi vitundu vikazibuka.

Waliotangulia katika kazi hii walinishauri nitumie wino wa pigmenti, hasa wa njano. Rangi yake ni chembe ngumu zilizochanganywa na utomvu wa plastiki, na ukiupa joto la kutosha hugandamana usitoke tena kwa maji. Nikaununua. Nikachapa. Nao ukajikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba.

Njano juu ya shaba haionekani kirahisi, kwa hiyo niliiinamisha bodi chini ya taa na kuchukua kioo cha kukuzia. Pembeni, mahali nilipokuwa nimeishika, wino ulikuwa umekwepa alama ya dole gumba langu. Mistari yote ya ngozi ilikuwa pale, imechorwa na wino usiokubali kukaa juu ya mafuta. Wiki tatu nilikuwa nikitafuta wino, na shaba sikuwa nimeitazama hata siku moja.

Nikaanza upya. Msasa laini, sabuni ya vyombo, nikasuuza hadi maji yakatanda juu ya shaba kama utando mmoja bila kuchanika. Kisha nikaichovya kwa sekunde chache katika feri kloraidi, ile ile dawa inayokula shaba, ili uso ufifie na kupata mikwaruzo midogo ya kushika wino. Nikaikausha huku nikiishika kingo tu, nikaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, nikachapa ingali na joto. Safari hii mistari ilikaa. Kingo zilinyooka, na kati ya mguu na mguu nafasi ilibaki safi.

Nikaiweka kwenye oveni isiyopikiwa chakula, nyuzi 200 hivi, robo saa, madirisha wazi. Njano ikageuka kahawia. Nikapitisha kidole chenye maji juu yake, hakikutoka kitu.

Nikavaa glavu, nikaimwaga feri kloraidi ya vuguvugu kwenye trei ya plastiki, nikaanza kuitikisa polepole. Shaba ya bodi hizi huwa na unene wa mikromita 35, lakini ukisubiri inaonekana kama ukuta. Kwanza ilipoteza mng'ao ikawa na rangi ya waridi, halafu kingo zikaanza kuliwa, halafu ghafla ubao wa chini ukajitokeza kuzunguka mahali pa chipu.

Nikaisuuza na kuipima kwa mita. Kila upande una miguu minane, yaani nafasi saba kati yake, kwa hiyo pande nne zina nafasi 28 za kupima. Mita, inayolia pale shaba inapoungana, ilinyamaza mara 27 na kulia mara moja. Kioo kilinionyesha uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, nikaukata kwa ncha ya wembe. Nilipofuta wino kwa asetoni, vituo vya miguu yote 32 vilitokea vikimeremeta.

Printa ile sasa ina katriji ya njano tu. Kila asubuhi naichapisha mstari mmoja kwenye karatasi, vitundu visikauke.