Jinsi nilivyozipanga parokia za zamani za Lincolnshire

Ukimfuatilia mtu aliyeishi Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, jina lake peke yake halikufikishi mbali. Cha kujua kwanza ni kijiji chake kilihesabiwa wapi, na hapo ndipo kazi ilipo, maana kijiji kimoja kilikuwa chini ya mamlaka tano au sita kwa wakati mmoja. Kanisa lilikuwa na mipaka yake, mahakimu na watoza kodi walikuwa na yao, wasimamizi wa maskini walikuwa na yao, na msajili wa vizazi na vifo alikuwa na yake. Mipaka hiyo haikulingana. Jedwali langu la kaunti hii limefanikiwa kwa sababu halizilazimishi ngazi hizo ziwe ngazi moja: kila mamlaka ina safu yake, na kila safu ina mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma.

Nilianza na ngazi ya mahakimu na kodi, kwa kuwa ndiyo kongwe na imetulia kuliko nyingine. Lincolnshire ni ya pili kwa ukubwa kati ya kaunti za kihistoria za Uingereza, baada ya Yorkshire. Iligawanywa katika Sehemu tatu: Lindsey kaskazini, Kesteven kusini-magharibi, na Holland kusini-mashariki kando ya ghuba ya Wash. Kila Sehemu ilikuwa na mahakama zake za robo mwaka, na kuanzia 1889 hadi 1974 kila moja ilikuwa na halmashauri yake ya kaunti. Kwa hiyo kesi ya mtu wa Sleaford, mji wa Kesteven, huitafuti kwenye makabrasha ya Lindsey hata kama yote yamehifadhiwa katika jengo moja. Lindsey, kwa ukubwa wake, iligawanywa tena katika raidingi tatu: ya Kaskazini, ya Magharibi na ya Kusini.

Chini ya hapo kuna wapenteki, yaani kundi la parokia kadhaa, mgawanyo uliokuwepo tayari wakati wa ukaguzi mkuu wa ardhi wa 1086. Holland ina tatu tu: Elloe, Kirton na Skirbeck. Kesteven ina tisa, zikiwemo Aveland, Beltisloe, Flaxwell, Loveden na Ness, na pembeni yake Soke ya Grantham (soke ni eneo lenye mamlaka yake ya kimahakama). Lindsey ndiyo yenye nyingi: Yarborough na Walshcroft kaskazini, Manley na Corringham magharibi, Candleshoe, Calcewath na Louth Eske kusini, na nyinginezo. Humo humo zimo Soke za Bolingbroke na Horncastle, ambazo kwenye orodha za kodi hukaa mahali pa wapenteki. Usiiache safu hii wazi ukidhani ni pambo la kale. Orodha za kodi ya ardhi za 1780 hadi 1832 zimepangwa kwa wapenteki, na hata taarifa zilizochapishwa za sensa za mwanzo, kuanzia 1801, zinafuata mpango huo. Usipoijua wapenteki, utapekua kaunti nzima.

Kisha parokia. Lincolnshire ilikuwa na parokia za kale zaidi ya 600, na hapa inabidi kwenda polepole. Parokia ya kale ilikuwa na kazi mbili. Ilitunza madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, yaliyoamriwa 1538. Tena, kwa Sheria ya Maskini ya 1601, ilitoza kodi ya kuwatunza maskini wake. Kusini mwa kaunti kazi hizo mbili kwa kawaida zilikwenda pamoja. Kaskazini, parokia moja ingeweza kuwa na vitongoji viwili au vitatu, kila kimoja kikitoza kodi yake ya maskini. Sheria ya 1866 ikasema kila mahali panapotoza kodi ya maskini peke yake ni parokia kwa mambo ya serikali, na tangu hapo parokia ya serikali na parokia ya kanisa ni vitu viwili hata zikiwa na jina moja. Katika jedwali nimezipa safu mbili tangu mwanzo, na sijawahi kuziunganisha.

Vigango navyo vina mambo yake. Wapenteki ya Elloe ni mahali pazuri pa kujifunzia. Parokia zake ni ndefu na nyembamba, zinaanzia kwenye mabwawa ya chumvi ya Wash, zinapita kwenye ardhi ya juu ya udongo wa bahari ambako kanisa mama la parokia limejengwa, kisha zinashuka kusini hadi kwenye vinamasi. Mtu wa kusini ya mbali asingeweza kutembea hadi kanisa mama kila Jumapili. Ndiyo maana kulikuwa na vigango: Gedney Hill chini ya Gedney, Whaplode Drove chini ya Whaplode, Sutton St James na Sutton St Edmund chini ya Long Sutton. Kigango chenye ruhusa ya kubatiza na kuzika kina madaftari yake, tena mara nyingi yanaanza mwaka tofauti na ya kanisa mama. Kwa hiyo mtoto wa Gedney Hill anatafutwa kwanza Gedney Hill, halafu Gedney, na pengo la miaka katika daftari moja lisikukatishe tamaa kabla hujafungua la pili. Likikosekana lote, zipo nakala za askofu: kuanzia 1598 kila parokia ilitakiwa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu, na zilizosalia ziko Lincolnshire Archives, mjini Lincoln.

Ngazi ya kanisa juu ya parokia inachanganya kwa sababu imeazima majina ya ngazi ya kodi. Ushemasi mkuu, yaani eneo la shemasi mkuu chini ya askofu, wa Stow ulishika upande wa magharibi wa Lindsey, ukiwa na dekania (makundi ya parokia) za Aslacoe, Corringham, Lawres na Manlake. Sehemu iliyobaki ya kaunti ilikuwa chini ya ushemasi mkuu wa Lincoln. Jina la dekania likifanana na la wapenteki usidhani mipaka ni ileile. Ngazi hii ina kazi moja kubwa: wosia. Hadi Januari 1858 wosia ulithibitishwa na mahakama za kanisa, na baadhi ya parokia zilikuwa na mahakama zao wenyewe nje ya mamlaka ya kawaida ya askofu. Caistor, Louth, Sleaford na Kirton in Lindsey ni miongoni mwa hizo. Ukikosa wosia wa mtu wa Louth kwenye orodha ya mahakama ya askofu, hujamaliza.

Ngazi ya tatu ilikuja na sheria ya 1834, parokia zilipounganishwa katika miungano ya maskini, kila muungano na nyumba yake ya kazi, ambako maskini walipewa makao wakifanya kazi. Waliochora mipaka waliangalia mji wa soko ambao watu wa vijijini wangeufikia kwa urahisi, si mpaka wa kaunti. Mwaka 1837 wilaya za usajili wa vizazi, ndoa na vifo zikafuata mipaka hiyohiyo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Crowle, kwenye Isle of Axholme, ni Lincolnshire kabisa, wapenteki ya Manley, lakini muungano wake ulikuwa Thorne, Yorkshire. Katika faharasa ya taifa ya usajili, kuanzia 1852, mtoto wa Crowle yumo kwenye juzuu ya 9c, ya Yorkshire, wakati Lincolnshire kwa jumla ni 7a. Claypole, upande wa magharibi wa Kesteven, ilikuwa chini ya Newark ya Nottinghamshire, kwa hiyo juzuu ya 7b.

Kinyume chake pia kipo. Bottesford ya Leicestershire ilisajiliwa Grantham, ndani ya Lincolnshire. Na ipo Bottesford nyingine, ya Lincolnshire yenyewe, karibu na Scunthorpe, iliyosajiliwa Glanford Brigg. Ukikuta "Bottesford, Grantham" kwenye cheti, ukaifungua parokia ya karibu na Scunthorpe kwa sababu tu iko Lincolnshire, utamchukua mtoto wa familia nyingine kabisa. Ninachofanya ni kumpa kila mstari namba yake, na jina liwe maelezo tu. Kirton ya Holland na Kirton in Lindsey zina namba mbili zisizohusiana, na kila tukio linaunganishwa na namba.

Nikitaka kuhakiki mstari mmoja, ninaujaza wote kwa mfululizo kabla ya kugusa unaofuata. Chukua Burgh le Marsh, kijiji kinachopaswa kujulikana na watu wa Zanzibar: William George Tozer, askofu aliyeyahamishia Zanzibar makao ya UMCA, misheni ya Kianglikana, mwaka 1864, alikuwa vika (padri wa parokia) wa hapo. Parokia ya kale, ndiyo. Sehemu: Lindsey, raidingi ya Kusini. Wapenteki: Candleshoe. Ushemasi mkuu: Lincoln. Muungano na wilaya ya usajili: Spilsby. Kuanzia 1894, wilaya ya vijijini ya Spilsby. Kuanzia 1974, wilaya ya East Lindsey. Edward Steere, aliyemfuata Tozer Zanzibar na akafanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, alihudumu Skegness, wapenteki hiyohiyo ya Candleshoe, kisha akawa rekta, yaani padri wa parokia, wa Little Steeping. Vijiji vyote vitatu vinaingia muungano wa Spilsby, na hilo ni jaribio zuri la jedwali: ukichuja kwa "Spilsby" vitokee vyote vitatu, na ukichuja kwa "Candleshoe" viwili vya kwanza lazima viwemo.

Miji mikubwa nimeiweka kwenye karatasi yake, kwa kuwa inavunja kila kanuni. Lincoln ilikuwa kaunti yenyewe tangu 1409, na mwaka 1466 ikaongezewa vijiji vinne vya kusini yake: Branston, Bracebridge, Canwick na Waddington, vilivyobaki hivyo hadi karne ya 19. Lakini eneo la ngome na la kanisa kuu juu ya kilima, katikati ya mji huohuo, lilihesabiwa Lindsey. Stamford nayo ina parokia ya St Martin, ng'ambo ya kusini ya mto Welland, ambayo zamani ilikuwa Northamptonshire na dayosisi ya Peterborough. Ni mwendo wa kuvuka daraja tu, lakini nakala za askofu ziko kwingine kabisa.

Vinamasi vilinichukua muda mrefu kuliko vyote. East Fen, West Fen na Wildmore Fen zilikuwa malisho ya pamoja ya Soke za Bolingbroke na Horncastle, hazikuwa ndani ya parokia yoyote. Baada ya kukaushwa kwa mpango wa mhandisi John Rennie, mwaka 1812 vikaundwa vitongoji saba: Carrington, Eastville, Frithville, Langriville, Midville, Thornton le Fen na Westville. Kabla ya mwaka huo hakuna cha kutafuta kwa majina hayo. Wakazi walibatiza katika parokia za pembezoni, na madaftari ya pembezoni ndiyo ya kufungua. Holland Fen ina hali nyingine. Miji 11 iliyokuwa na haki ya malisho pale ilipewa kila mmoja kipande chake, kwa hiyo parokia ikawa na shamba maili kadhaa kutoka kanisani, limezungukwa na parokia za wengine. Sheria za 1876 na 1882 ndizo zilizofuta vipande vya aina hii. Kwa kila kipande nimeweka mstari wake wenye tarehe ya kuhamishwa, kwa sababu familia inayoonekana kuhama parokia kati ya sensa ya 1871 na ya 1891 inaweza kuwa haikuondoka nyumbani hata siku moja.

Tarehe za kabla ya 1752 zilizo kati ya 1 Januari na 24 Machi ziandikwe kwa miaka miwili, kwa mfano 14 Februari 1701/2, kwani mwaka wa kisheria ulianza 25 Machi. Na kwa mipaka ya karibuni, kaskazini ya Lindsey ilikwenda Humberside mwaka 1974, halafu 1996 ikawa North Lincolnshire na North East Lincolnshire. Grimsby na Scunthorpe zinahitaji safu zote mbili, la sivyo ramani za kisasa hazitalingana na safu za nyuma.