Kutoka hadubini ya mbu hadi modeli ya malaria

Nilianza uzamili nikijua kutambua Anopheles, mbu waenezao malaria, kwa hadubini. Hesabu niliziacha kidato cha nne. Sikuanza na kitabu kizima cha kalkulasi. Nilichukua mlinganyo mmoja tu, ule wa uambukizaji wa malaria wa Ronald Ross, daktari Mwingereza, ulioendelezwa na George Macdonald miaka ya 1950, nikaupiga kwa kikokotoo kwanza.

Kimelea huhitaji kama siku 10 kukomaa ndani ya mbu. Mbu 90 kati ya 100 wakivuka kila siku wakiwa hai, wanaofika siku ya 10 ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani kama 0.35, au mbu 35 kati ya 100. Wakivuka 80 kila siku, wanafika 11 tu, na hao nao hawana siku nyingi za kuuma. Ukijumlisha yote mawili, uambukizaji hushuka karibu mara saba, ilhali kupunguza idadi ya mbu kwa nusu huushusha kwa nusu tu. Ndiyo maana dawa inayoua mbu mpevu, ya chandaruani au ukutani, ina nguvu kiasi hicho.

Baadaye nikahamia R, lugha ya programu ya takwimu, na kifurushi chake cha deSolve kinachotatua milinganyo ya mabadiliko. Kosa baya kuliko yote ni vipimo: kasi ya kupona umeiweka kwa mwezi, vifo vya mbu kwa siku. Grafu inatoka nzuri kabisa, na ni ya uongo. Kila kigezo kiandikie kipimo chake pembeni. Ukitaka kuandika mwenyewe msimbo wa Euler, njia ya kusogeza modeli mbele hatua kwa hatua (ni zoezi zuri), angalia urefu wa hatua ya muda: mbu wakifa kwa kasi ya 0.22 kwa siku, hatua ya siku 5 inatoa 1.1 ya waliopo, unabaki na mbu hasi.

Data za mitego ya taa zina mtego wake. Chukua mbu walionaswa usiku tano: 0, 2, 0, 1, 64. Wastani ni 13.4, varianzi (kipimo cha mtawanyiko) inapita 800. Modeli ya Poisson, ya kawaida kwa data za kuhesabu, hudhani viwili hivyo ni sawa, kwa hiyo itakupa uhakika usiokuwepo. Tumia binomia hasi, inayoruhusu varianzi kuzidi wastani: glm.nb ndani ya kifurushi cha R kiitwacho MASS.

Halafu usijaribu kukadiria wingi wa mbu na kasi ya kuuma kwa pamoja kutokana na idadi ya wagonjwa peke yake. Mbu wachache wanaouma sana na wengi wanaouma kidogo hutoa mchoro uleule. Kimoja lazima ukapime uwandani.