Cherehani yangu ya zamani imekubali tena

Jamani, siku tatu nimepambana na cherehani yangu kuukuu ya kiwandani. Kitambaa chepesi inashona vizuri, ikifika kwenye pindo la jinzi inaruka mishono, kisha uzi unakatika. Nikakaza uzi wa juu, nikalegeza, nikakaza tena. Wapi!

Jana usiku nikaacha kubahatisha. Nikaanza na sindano, maana ndiyo rahisi kuliko yote: nikatia mpya, mfereji mrefu wa ubavuni mwake ukiangalia kushoto, nikaisukuma mpaka ikagota juu. Bado inaruka. Basi nikafungua kibati cha chini ya mguu unaokandamiza kitambaa, nikawasha tochi, nikazungusha gurudumu kwa mkono polepole. Hapo ndipo nilipoona. Sindano inafika chini kabisa, inaanza kupanda, ndoano (ile ya chini inayodaka uzi wa sindano) inachelewa. Ikifika, kitanzi cha uzi kimeshapotea. Inatakiwa ncha ya ndoano ipite nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu, sindano ikiwa imepanda kama milimita 2 tu.

Nikalegeza skrubu za ndoano, nikaisogeza kidogo kidogo, nikaacha nafasi nyembamba kama karatasi kati yake na sindano. Chini ya meno yanayosogeza kitambaa nikachokoa vumbi la nyuzi lililogandamana na mafuta, gumu kama kizibo! Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nayo nikaipima ukazo wa uzi wake: ning'iniza kesi yake kwa uzi, tikisa kidogo, ishuke kidogo na kusimama.

Leo imepita matabaka sita ya jinzi bila kuruka hata mshono mmoja. Nimefurahi mno, nimeshona mabaki yote yaliyokuwa mezani.